Pensheni Ivukayo Bahari: Fedha ya Uzeeni na Kodi katika Pwani ya Mwera na Pangani

Historia ya kodi katika pwani ya kaskazini ya Tanzania kwa kawaida huandikwa kama historia ya kile ambacho mwenyeji alitozwa na mtawala, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa ndizo zilizowagusa watu wengi zaidi. Iko hata hivyo historia nyingine, nyembamba zaidi na isiyosimuliwa sana, nayo ni ile ya fedha ya uzeeni inayovuka mipaka, yaani pensheni ambayo mtu huipokea akiwa katika nchi moja kwa ajili ya utumishi alioufanya katika nchi nyingine, pamoja na swali linaloifuata fedha hiyo popote iendapo: serikali ipi inadaiwa kuilipa, na serikali ipi ina haki ya kuikata kodi. Kata ya Mwera, iliyoko wilaya ya Pangani ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, ni mahali pafaapo kuitazamia historia hiyo, kwa sababu kwa zaidi ya karne moja nchi hiyo ya mikonge na minazi imekuwa ikipokea watu waliokuja kufanya kazi kutoka mbali na kuwaaga wengine waliorudi kuzeeka kwao.

Maneno mawili yahitaji kufafanuliwa mapema. Pensheni ni malipo ya kila mwezi, au ya kila muhula uliowekwa, anayopewa mstaafu hadi afe, na pengine mjane wake baada yake. Kiinua mgongo ni fedha anayopewa mtu mara moja anapoacha kazi, na jina lake lenyewe linaeleza fikra iliyo ndani yake, kwamba aliyeinama kwa miaka mingi asaidiwe kunyoosha mgongo. Kabla ya fikra hizo kufika pwani, uzee wa mtu wa Pangani ulitegemea minazi yake, watoto wake na jamaa zake, na kwa baadhi ya familia za mjini ulitegemea wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu ili mazao yake yawafae watu waliotajwa na mwenye kuifunga. Katika utaratibu huo hapakuwa na swali la ng'ambo, kwa kuwa mnazi hauhami, na anayeula uzee wake chini yake yuko palepale ulipo.

Mabadiliko yalianzia Kikogwe, jirani kabisa na Mwera. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, nchini Marekani, kwa ajili ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kati ya miche hiyo ni 62 tu iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai na kupandwa Kikogwe. Kutokana na miche hiyo michache likatokea zao lililoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa katani kuliko nchi zote duniani, huku uzalishaji ukivuka tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo ya 1960. Mashamba ya Mwera, Sakura na mengineyo ya pwani hiyo yalihitaji mikono kuliko ile iliyokuwapo, hasa kwa vile wenyeji waliokuwa na mashamba yao wenyewe hawakuwa na haja ya kukata mkonge kwa ujira mdogo. Ndipo wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba, kutoka Kigoma, Rwanda, Burundi, Msumbiji na Nyasaland, na tangu 1944 uandikishaji wao ukasimamiwa na ofisi ya pamoja ya wenye mashamba iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU.

Manamba aliyetoka nje ya Tanganyika alikuwa mgeni afanyaye kazi katika nchi isiyo yake, na kwa maana hiyo alikuwa katika hali ileile ya ugeni ambayo mwajiri wake Mzungu alikuwamo, ila sheria haikuwatazama kwa jicho moja. Utawala wa Kijerumani ulitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, kwa kiwango cha rupia tatu kwa nyumba ya kawaida ya shamba, nao Waingereza wakaiendeleza kwa sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922. Katika zote mbili Mwafrika alitozwa kwa kuwa na paa au kwa kuwa na kichwa, pasipo kuulizwa alichochuma. Manamba alilipa kodi hiyo, akatunza stakabadhi yake kama anavyotunza kitambulisho, akajaza kipande chake, yaani kadi iliyohesabu siku 30 za kazi kabla ya kulipwa, na mkataba ulipokwisha akarudi kwao bila pensheni yoyote. Hii ndiyo sehemu chungu zaidi ya historia hii, na haifai kupitwa haraka: sehemu ya ujira wake ilizuiwa hadi mwisho wa mkataba ili arudi na kitu, na fedha hiyo iliyozuiwa, ambayo ilikuwa jasho lake mwenyewe lililocheleweshwa, ndiyo pekee iliyovuka mpaka pamoja naye. Mfuko wa kwanza wa akiba ya uzeeni kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1964, wakati ambapo wengi wa manamba wa zamani walikuwa wamekwisha kuondoka au kuzeeka bila kuandikwa popote.

Waafrika wa pwani waliopata kuahidiwa fedha na serikali ya ng'ambo walikuwa wachache, na mashuhuri miongoni mwao ni askari waliopigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, wakiwemo waliouzuia mji wa Tanga usitekwe na jeshi la Waingereza na Wahindi mwezi Novemba 1914. Vita vilipokwisha, serikali iliyowaajiri ilikuwa imekwisha kufukuzwa nchini na mishahara yao ya miaka ya mwisho ilikuwa haijalipwa. Katika miaka ya 1920 Ujerumani iliwalipa sehemu ya malimbikizo hayo, na mwaka 1964, mwaka aliofariki kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha kwa ajili ya waliosalia. Husimuliwa katika vitabu vya historia ya vita hivyo kwamba wazee wengi waliofika kudai hawakuwa na hati, na kwamba aliyetumwa kuwalipa alimpa kila mmoja ufagio na kumtolea amri za gwaride kwa Kijerumani, wala hakuna aliyekosea. Simulizi hiyo imerudiwa mara nyingi kwa sababu inapendeza, lakini uzito wake uko mahali pengine: utumishi wa miaka 50 nyuma haukuwa na ushahidi wowote isipokuwa ule uliohifadhiwa na mwili wa mzee mwenyewe, na serikali iliyokuwa ikilipa ililazimika kuukubali.

Kodi ya mapato, yaani kodi inayokokotolewa kwa kuangalia mtu amechuma nini badala ya kuhesabu kichwa chake, ilifika Kenya mwaka 1937, ikafika Tanganyika mwaka 1940 kwa shinikizo la gharama za Vita Kuu ya Pili, na kwa muda mrefu iliwahusu Wazungu, Waasia na wachache wengine wenye kipato kikubwa. Baada ya vita ilisimamiwa kwa pamoja na nchi tatu za Afrika Mashariki, na sheria ya pamoja ya usimamizi wake ikatungwa mwaka 1952. Msingi mkuu wa sheria hizo ulikuwa chanzo cha pato: serikali ilitoza kile kilichochumwa ndani ya Afrika Mashariki, na kile kilichochumwa nje kwa kawaida ilikiacha. Msingi huo ulilingana na namna wakoloni walivyoishi, kwa kuwa bwana shamba au mkuu wa wilaya hakukusudia kuzeeka Pangani. Alifanya kazi pwani, akapanda meli, akazeeka Uingereza, na pensheni yake ikamfuata huko. Kwa hiyo fedha ya uzeeni ilitiririka upande mmoja tu, kutoka hazina ya Tanganyika kwenda kaskazini, na kazi ya kuitangaza kwa mtoza kodi ilikuwa ya mstaafu aliyeko Uingereza, ambako pensheni ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa pato la ng'ambo. Sheria za Uingereza ziliwahi hata kuipa nafuu ya pekee, kwani kuanzia 1974 hadi 2017 mkaazi wa huko aliyepokea pensheni kutoka nje alitozwa juu ya sehemu tisa tu kati ya kumi za fedha hiyo.

Uhuru wa mwaka 1961 uliligeuza jambo hilo la kawaida kuwa mgogoro wa mataifa. Uingereza ilihitaji watumishi wake wasiondoke kwa mkupuo, na Tanganyika ilihitaji madaktari, wahandisi na maofisa wa mikoa hadi wananchi watakapokuwa tayari kushika nafasi hizo. Hivyo ukaanzishwa mpango wa Uingereza wa kuchangia posho za watumishi hao wa kigeni, na serikali mpya ikakubali kwa mkataba kubeba pensheni za maofisa wa kikoloni. Maana ya makubaliano hayo ilikuwa kwamba mkulima wa Mwera, kupitia kodi yake na kupitia ushuru uliotozwa mazao yake, aliendelea kumlipia uzee ofisa aliyewahi kumtawala bila ridhaa yake. Mwaka 1968 serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilitangaza kwamba haitalipa tena pensheni kwa sehemu ya utumishi uliofanyika kabla ya uhuru, ikishikilia kwamba aliyemtumikia mkoloni alipwe na mkoloni. Nchi hizo mbili zilirejesha uhusiano wa kibalozi mwaka huohuo, baada ya Tanzania kuuvunja Desemba 1965 kwa sababu ya Rhodesia, na Uingereza ikajibu hatua hiyo ya pensheni kwa kusitisha misaada.

Wapo walioiona hatua ya 1968 kuwa ni kuvunja ahadi iliyotiwa saini, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa mstaafu mmojammoja, mara nyingi karani au muuguzi asiyeamua sera yoyote, ndiye aliyetishika na kukatwa riziki. Hata hivyo hoja ya Tanzania ilikuwa na mizizi zaidi katika haki: ahadi ya 1961 ilitolewa na mwenye kudai uhuru wake kwa mwenye kuushikilia, na deni lake lilikuwa la utumishi ambao nchi haikuuomba. Kwamba msimamo huo haukuwa wa kigeugeu kulidhihirishwa na Uingereza yenyewe, ambayo kwa sheria ya pensheni za ng'ambo ya mwaka 1973 ilijitwika wajibu wa kuwalipa wastaafu wa makoloni yake ya zamani. Kwa lugha ya kodi, fedha ile iliyokuwa pato la kutoka Tanzania ikawa pato la kutoka hazina ya London, ingawa aliyeipokea alikuwa yuleyule na kazi iliyomstahilisha ilifanyika palepale.

Jambo kama hilo, lakini lenye maumivu mapana zaidi, liliwapata Watanzania wenyewe miaka michache baadaye, na mkoa wa Tanga uliguswa sana. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa kutoka bandari ya Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliunganishwa na reli ya Kenya wakati wa vita hivyo, na mwaka 1948 reli na bandari zote za eneo zikawekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Mkataba wa Kampala wa 1967 uliianzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao ya mashirika yake yakagawanywa: reli na ndege Nairobi, posta na simu Kampala, bandari Dar es Salaam. Mtu wa Tanga aliyeajiriwa na mashirika hayo angeweza kuanza kazi katika gati la Tanga, akahamishiwa Mombasa, akapandishwa cheo Nairobi, na michango yake ya uzeeni ikahifadhiwa katika mfuko ambao haukuwa wa Tanzania, wala wa Kenya, wala wa Uganda, bali wa Jumuiya.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, fedha iliyokuwa ya nyumbani iligeuka kuwa ya ng'ambo kwa usiku mmoja, bila mwenyewe kuondoka alipokuwa. Mpatanishi Victor Umbricht, raia wa Uswisi, alitumia miaka kadhaa kuhesabu mali na madeni, na mwezi Mei 1984 nchi tatu zikatia saini Arusha makubaliano yaliyozigawa mali hizo kwa asilimia 42 kwa Kenya, 32 kwa Tanzania na 26 kwa Uganda. Kuhusu pensheni kila nchi iliahidi kuwalipa raia wake waliotumikia Jumuiya. Kwa maneno mengine, jibu lililochaguliwa halikufuata mahali kazi ilipofanyika wala mahali mfuko ulipokuwa, bali uraia wa mstaafu, na kwa njia hiyo swali la pato la kigeni likafutwa kwa kuifanya kila pensheni iwe ya nchini.

Jibu hilo lilikuwa la busara kwenye karatasi. Utekelezaji wake nchini Tanzania ulichukua muda ambao mzee hana: wastaafu wa Jumuiya walifungua shauri mahakamani mwaka 2003, mapatano na serikali yakafikiwa mwaka 2005, na waliohusika walikuwa zaidi ya 30,000. Baadhi yao walikwisha kufa, na warithi wao wakalazimika kuthibitisha kwa hati za mirathi utumishi wa mtu ambaye faili lake lilibaki katika mji mkuu wa nchi nyingine. Askari wa Mjerumani alikubaliwa kwa gwaride la ufagio. Mfanyakazi wa reli aliombwa barua ya ajira, hati ya kupandishwa cheo na namba ya mchango.

Wakati huohuo sheria ya kodi nayo ilikuwa ikibadilika. Kodi ya mapato ya pamoja iliachwa, Tanzania ikatunga sheria yake ya mwaka 1973, Mamlaka ya Mapato Tanzania ikaanza kazi Julai 1996, na kisha ikaja Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambayo ndiyo iliyougeuza msingi wenyewe. Chini ya sheria hiyo mtu mkaazi hutozwa kodi juu ya pato lake kutoka popote duniani, na asiye mkaazi hutozwa juu ya pato lenye chanzo Tanzania pekee. Ukaazi, kwa maana ya kikodi, si uraia wala kibali cha uhamiaji. Ni mkaazi wa mwaka husika aliye na makazi ya kudumu nchini na aliyekuwapo nchini wakati wowote wa mwaka huo. Ni mkaazi pia aliyekaa nchini siku 183 au zaidi. Na ni mkaazi yule aliyekuwapo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Mgeni ambaye katika maisha yake yote hajawa mkaazi wa Tanzania kwa zaidi ya miaka miwili kwa jumla ameachiwa nafasi ya kupumua, kwa kuwa katika kipindi hicho pato lake la nje haliguswi.

Kubadilika huko kulikuja wakati mkondo wa fedha ya uzeeni ulipokwisha kupinduka. Tangu miaka ya 1970 Tanga ilipokea wataalamu wengi wa mashirika ya misaada, miongoni mwao Wajerumani wa mpango wa maendeleo vijijini ulioanza mwaka 1972, na kati ya 1994 na 2007 mpango wa hifadhi ya pwani uliofadhiliwa na Ireland ulihusisha Muheza, Pangani na mji wa Tanga. Baadhi ya wageni wa pwani hiyo walibaki, na wengine walirudi baada ya kustaafu, wakajenga au kukodi nyumba kando ya bahari, kama inavyoonekana Ushongo, kusini mwa mto. Hao ni kinyume kamili cha ofisa wa kikoloni: walifanya kazi Ulaya au kwa fedha ya Ulaya, nao wanazeekea Pangani, na pensheni yao inavuka bahari kuja kusini. Pamoja nao wako Watanzania waliofanya kazi Uingereza, Uarabuni, Canada au Skandinavia, kisha wakarudi kwao na haki ya pensheni waliyoichangia huko.

Kwa mkaazi wa namna hiyo sheria inataka pato hilo liandikwe katika ritani, yaani taarifa ya mwaka ya mapato ambayo mlipakodi huiwasilisha kwa Mamlaka ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa mapato kwisha, hivyo kwa anayefuata mwaka wa kalenda mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Fedha ya kigeni hugeuzwa kuwa shilingi. Kodi iliyokwisha kulipwa ng'ambo juu ya pensheni hiyohiyo hupunguzwa kutoka katika kodi ya Tanzania, lakini si zaidi ya kodi ambayo Tanzania yenyewe ingeitoza fedha hiyo: ikiwa kodi ya hapa ni shilingi 4,000,000 na ya kule ilikuwa 2,000,000, mstaafu hulipa 2,000,000 zilizobaki, na ikiwa ya kule ilikuwa 5,000,000, halipi kitu hapa wala harudishiwi ile ziada.

Nafuu hiyo hutegemea pia mikataba ya kuzuia pato moja lisitozwe kodi mara mbili. Tanzania inayo mikataba inayotumika na nchi chache, ambazo ni Zambia, Italia, Denmark, Sweden, Norway, Finland, India, Canada na Afrika Kusini. Kwa desturi mikataba ya aina hii huiachia nchi anamokaa mstaafu pensheni ya kazi binafsi, na huibakishia nchi inayolipa pensheni ya utumishi wa serikali, ingawa kila mkataba una maneno yake na hauwezi kusomwa kwa kukisia. Linaloshtua katika orodha hiyo ni waliokosekana. Uingereza na Ujerumani, nchi mbili zilizoitawala pwani hii na ambazo fedha zao za uzeeni zina historia ndefu zaidi hapa, hazimo, na Kenya, iliyowahi kuwa na mfuko mmoja wa pensheni na Tanzania, nayo haimo. Mwingereza aliyeko Tanzania ana hasara ya ziada, kwa kuwa pensheni yake ya taifa hubaki katika kiwango alichoanza nacho akiwa nchini, bila nyongeza wapewazo walioko Uingereza, na anayeitegemea hiyo pekee huona thamani yake ikiyeyuka mwaka baada ya mwaka.

Ugumu mwingine umekuwa wa lugha. Sheria ya 2004 ilitungwa kwa Kiingereza, na Mtanzania aliyerudi kutoka Oman au kutoka viwanda vya Uingereza, ambaye angeweza kabisa kujaza ritani yake mwenyewe, alihitaji wakala wa kumfasiria neno kama ukaazi, ambalo kwa Kiswahili cha kila siku linamaanisha tu mahali mtu anapoishi. Marekebisho ya mwaka 2021 yamekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, na katika uwanja huu hatua hiyo ina manufaa ya moja kwa moja, kwa sababu wajibu wa kutangaza pato la nje huanza na mlipakodi kujua kwamba pato hilo linahesabika.

Miongoni mwa mapato yasiyotozwa kodi chini ya sheria hiyo ya 2004, jedwali la misamaha linataja pensheni au kiinua mgongo kinachotolewa kwa sababu ya majeraha au ulemavu uliotokana na vita, kikipokewa na aliyejeruhiwa mwenyewe. Sheria haitaji ni vita gani wala ni jeshi la nani. Askari wa Tanga wa 1914, kama angekuwa hai na jeraha lake likitambuliwa na Ujerumani, angeipokea fedha yake nzima, ilhali mwenzake aliyerudi bila jeraha angelazimika kuiandika katika ritani. Na manamba wa Mwera, aliyekatwa na mwiba wa mkonge au kupoteza kidole katika mashine ya kusindika katani, hakuwa na fedha ya kusamehewa.